Kidevu cha Mpima Maziwa

Pale Mugutha kuna wanawake wanaoogopwa kwa sababu ya ulimi, na wengine kwa sababu ya mashamba ya waume zao. Njambi Mukonyo anaogopwa kwa sababu ya kijiti cha kioo. Kila asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani ya migomba, utamkuta kwenye kibanda cha ushirika wa maziwa, koti jeupe juu, gambuti chini, akitumbukiza kijiti hicho, laktomita, kwenye mitungi ya watu wazima wenye wajukuu. Halafu anatangaza mbele ya foleni nzima kama yaliyomo yalikamuliwa kwa ng'ombe peke yake au mfereji ulisaidia.

"Haya yana maji, mzee."

"Maji? Labda jana ng'ombe alikunywa sana."

"Akasahau kukojoa? Rudi nayo nyumbani."

Miaka kumi na moja ya kazi hiyo imemfundisha mambo mawili ambayo hakuna chuo kikuu kingemfundisha. La kwanza: usipime kikombe ulicholetewa. Koroga mtungi mwenyewe mpaka chini, uchote mwenyewe. Mkulima anayekuja na sampuli yake tayari kwa kikombe kisafi, mwenye tabasamu, huyo mrudishie kikombe na tabasamu lake. La pili: anayeapa kabla hajaulizwa, ana kitu. Shemasi mmoja aliwahi kufika kibandani akiapa kwa madhabahu kwamba maziwa yake ni safi kama roho yake. Njambi alipima. Roho ya shemasi ilikuwa na maji robo nzima.

Sasa, mtu wa namna hii ungedhani hana cha kuficha. Anacho, na anakibeba mbele ya uso.

Unywele wa kwanza ulimtoka kidevuni akiwa na miaka ishirini na mitatu. Aliung'oa. Wiki iliyofuata jamaa za unywele huo walikuja matangani, na wageni wa matanga, kama ijulikanavyo, wengine hawaondoki. Akaanza kunyoa kwa wembe alfajiri kabla ya baba yake kuamka, na jioni anazifuata zilizosalia kwa kibano kidogo, moja moja. Zikaanza kuota ndani kwa ndani, zikileta vipele, vipele vikaacha madoa, na madoa yakapangana chini ya kidevu kama mbegu za tikiti maji. Corona ilipokuja na watu wote wakafunikwa midomo, Njambi alipata miaka miwili mizuri kuliko yote maishani mwake. Serikali iliposema barakoa sasa basi, watu walishangilia mpaka Ruiru mjini. Yeye alijifungia chooni akalia.

Kwa hivyo aliposikia kuna mashine ya miale inayochoma unywele kutoka shinani, leza, alitaka. Alitaka kuliko alivyowahi kutaka mume. Lakini alikuwa amemwona Magdalene.

Magdalene anaimba sauti ya pili kanisani kwao, na alikuwa na ndevu chache tu, za kuhesabika. Alienda mahali fulani kwa ofa ya Sikukuu ya Wapendanao, akarudi na kidevu kimeungua. Malengelenge yalipokauka yaliacha mabaka meusi ti, yenye pembe nne, yamepangwa mstari kama vigae vya bafu. Nyumbani alimwambia mumewe ni mafuta ya mandazi. Mumewe aliamini, kwa sababu waume huamini chochote kinachohusu jikoni. Mwaka mzima Magdalene aliimba akiwa amejifunga leso shingoni mpaka mdomoni, na sauti ya pili ikawa inatoka kama ya mtu aliyetekwa nyara.

Hicho ndicho kilichomkosesha Njambi usingizi. Si ndevu, ndevu alishazoea kuzificha. Baka la moto huwezi kulinyoa. Na yeye si mtu wa kujifunga leso mbele ya wakulima mia mbili ambao kila mmoja amewahi kurudishiwa mtungi na angelipa kiingilio kumwona ameharibika uso.

Binamu yake Ciku, mwenye saluni kule Juja, alimtumia tangazo kwa simu. *Ngozi zote! Rangi zote! Uchungu sufuri!*

"Enda huyo Lynn wa Kimbo," Ciku alisema. "Wasichana wa campus wanamjaza. Anajulikana."

"Anajulikana na nani? Na polisi?"

"Njambi, wewe ukifika mbinguni utaomba kuona title deed."

"Nitaomba na ramani."

Akaenda, lakini lile tangazo lilikuwa limeshamkera. Viapo vitatu, na bado hajauliza swali hata moja.

Mahali penyewe pako mtaa wa Kimbo, ghorofa ya kwanza juu ya duka la misumari na mabati. Mlangoni palikuwa na harufu ya mishumaa ya vanila, na ndani, Lynn, mwenye sare ya buluu ya chumba cha upasuaji na stethoskopu shingoni. Njambi aliitazama stethoskopu kwa muda. Alijaribu kuwaza ndevu zikisikilizwa mapigo ya moyo.

"Karibu, dear! Keti. Unataka chin peke yake ama full face? Full face iko na ofa."

Ukutani kulikuwa na cheti cha mafunzo ya siku mbili kwa mtandao, fremu yake kubwa kuliko picha ya Rais kwa ofisi ya chifu. Pembeni yake, picha za wanawake weupe pee wakicheka, na nyuma yao theluji.

"Hawa ni wa Mugutha?" Njambi aliuliza.

"Hizo zilikuja na mashine, dear."

"Uko na ya mtu mweusi kama mimi?"

Lynn alikuwa nayo. Alifungua simu, akaonyesha kidevu chenye ndevu, halafu kidevu laini kama yai. Njambi akaichukua simu mkononi, jambo ambalo Lynn hakulitarajia, akawa anaenda picha ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili.

"Huyu wa kwanza ana kidoti hapa chini ya mdomo."

"Eeh?"

"Huyu wa pili hana."

Lynn aliangalia. "Kilitoka pia," akasema bila kupepesa. "Bonus."

Akaona mteja hacheki, akakunja mikono ya sare. "Angalia mimi mwenyewe. Si mimi ni Mwafrika? Guza."

Njambi aliguza. Mkono ulikuwa mweupe kama ndizi iliyoiva na laini sana. Lakini macho yake yalikuwa yameshashuka mpaka kwenye vidole. Uso wa Lynn ulikuwa umehamia Ulaya, mikono nayo ilikuwa imepata viza, ila vifundo vya vidole vilikuwa vimebaki Kimbo. Vyeusi, kumi, vimepanga foleni, vikisema ukweli wote.

Basi huyu anapima leza kwa ngozi aliyoichubua kwanza, Njambi aliwaza. Halafu anataka kunipiga nayo mimi, maziwa ambayo hayajatiwa maji.

"Mashine yenyewe ni ya aina gani?"

"Ni ya Kijerumani."

"Sijauliza kabila. Nimeuliza aina."

"Inaitwa Diamond Ice Platinum."

Njambi aliinuka, akaizunguka mashine. Watu wengi husimama mbele ya mashine kwa heshima. Yeye huanzia nyuma, palipo na kibati cha mtengenezaji. Kibati kilikuwa na maandishi ya Kichina na herufi tatu alizokuwa amezisoma wiki nzima kwenye simu, akiwa amelala kifudifudi kama mwanafunzi wa mtihani: IPL.

"Hii si leza. Hii ni taa."

"Ni kitu moja, dear. Leza ni mwangaza, hii pia ni mwangaza."

"Hata tochi ni mwangaza. Mimi nimesoma hii taa inachoma watu weusi."

"Wale hawajui kutumia. Na kama unaogopa, tunafanya majaribio kwanza." Lynn alishika mkono wa Njambi, akaugeuza, akaonyesha upande wa ndani karibu na kwapa, pale pasipowahi kuonana na jua tangu azaliwe. "Hapa. Dakika tano tunaangalia, kukiwa sawa tunaenda kwa uso leo leo."

Njambi alikiona kile kikombe kisafi cha sampuli, na tabasamu lake.

"Ndevu ziko kidevuni. Mbona unanipima kwapani?"

"Ngozi ni ngozi!"

"Basi nipime kisigino."

Lynn akarudi nyuma hatua moja, akamwangalia kwa huruma ya kibiashara. "Mimi naona uko na shida ya kuamini watu. Umewahi kuombewa?"

"Mara nyingi," Njambi alisema akichukua mkoba. "Na aliyeniombea nilirudisha maziwa yake."

Alishuka ngazi akiwa amefurahi, furaha ya kumkamata mtu. Ilidumu mpaka akafika barabarani, akajiona kwenye kioo cha gari lililoegeshwa. Kidevu kilikuwa pale pale. Kumshinda mwongo ni jambo tamu, lakini halinyoi.

Ndipo alipopata wazo ambalo ni mtu wa tabia yake pekee angelipata. Kila mtu huuliza ni nani anayefanya vizuri, na kila mtu ana binamu wa kujibu. Yeye angeuliza kinyume. Akaenda kwa Magdalene baada ya ibada, akamvuta nyuma ya tangi la maji.

"Ulipoungua, alikutibu nani?"

Magdalene alishusha leso kidogo. Yale mabaka yalikuwa yamefifia, yamebaki kama kivuli. "Mama mmoja Thika. Ruqayya. Tabibu wa ngozi."

"Naye ana leza?"

"Anayo. Lakini alikataa kunifanyia. Aliniambia ngozi ipone mwaka mzima kwanza." Magdalene alicheka kidogo. "Nilimchukia!"

Anayekataa pesa. Njambi alirudi nyumbani akiwa na wasiwasi mpya kabisa, wa aina ambayo hakuwa ameizoea. Alinakili nambari ya leseni ya Ruqayya kwenye karatasi ya dawa ya Magdalene, akapiga simu kwa baraza linalowasajili matabibu, akauliza mara mbili, kwa watu wawili tofauti, siku mbili tofauti. Wote walisema mama huyo yupo na leseni yake iko hai. Njambi akashuku kwamba labda wale wawili wanakaa ofisi moja.

Kliniki ya Ruqayya kule Thika haikuwa na mishumaa. Ilikuwa na benchi, kalenda ya duka la nguo, na mama mwenye hijabu ya kijivu, mweusi kama Njambi au kumzidi kidogo, akila karanga. Njambi alimpigia Ciku akiwa bado benchini, akamnong'oneza kwa Kikuyu kwamba amefika, na kwamba huyu mama anaonekana mjanja.

"Si sana," Ruqayya alijibu kutoka ndani, kwa Kikuyu kilichonyooka kuliko chake. "Mimi nimezaliwa hapa hapa Majengo. Ingia, mwanangu, kabla hujanitukana zaidi."

Njambi aliingia akiwa amefungwa goli la kwanza. Akaamua kushambulia.

"Hii mashine yako ni aina gani?"

"Leza ya Yagi. Yenye wimbi refu la mwanga." Ruqayya aligeuza mashine bila kuombwa, akamwonyesha kibati. "Soma. Hapo, elfu moja na sitini na nne. Unajua maana yake?"

"Niambie. Nitalinganisha na nilivyosoma."

"Sawa. Mwanga unatafuta weusi. Haujui huu ni weusi wa unywele na huu ni weusi wa Njambi. Ule wenye wimbi fupi, na zile taa, unaishia juu juu. Ukikutana na ngozi yako unadhani umefika, unachoma pale pale. Huu unapita chini, unaenda mpaka shinani, ngozi ya juu unaisalimia tu. Na bado naupoza na hewa baridi, na bado naanza na nguvu kidogo."

"Basi hauchomi."

"Nani amesema hauchomi? Ukiwekwa vibaya unachoma. Ukiwekwa nguvu kidogo mno, kwa uso, mara zingine nywele zinaongezeka."

Njambi alimkodolea macho. "Na zitaisha zote?"

"Haziishi zote. Ukikaa vikao sita, nane, zitapungua sana, zitakuwa laini. Zingine zitarudi. Kama ni homoni zinazozizaa, mimi nitakuwa nafyeka tu huku mtu mwingine anapanda. Hedhi yako inakuja kwa wakati?"

"Nimekuja na kidevu, sijaja na tumbo."

"Vimekuja pamoja. Nenda upimwe damu."

Ahaa! Njambi aliwaza, akakaribia kupiga kofi la furaha. Ndiyo hiyo. Anauza vipimo vya damu.

"Nipimwe hapa?"

"Popote. Hospitali ya serikali wanapima. Sitaki upimwe hapa, usije ukasema nilikuuzia."

Hakuna kitu kinachoudhi mtu wa shaka kama kunyang'anywa shaka yake mkononi. Njambi alitafuta pengine pa kushika. Mfanyabiashara anayesema bidhaa yake haimalizi kazi, inaweza kuchoma, na inaweza kuzidisha ugonjwa: huyu ni mwizi wa kiwango gani? Wizi wake umefichwa wapi, mpaka hauonekani?

Ruqayya alichukua pamba yenye maji, akafuta kidevu cha Njambi, akasogeza taa. Alitazama kidevu, akatazama shingo, akarudi kwa kidevu.

"Unajipaka nini hapa?"

"Vaseline."

"Na nini kingine?"

"Hakuna."

Hapa msomaji inabidi aambiwe ukweli, maana Njambi hakuusema. Ndani ya mkoba wake, chini ya kitambaa, kulikuwa na kikopo cha plastiki chenye krimu ya rangi ya waridi. Alikinunua kwa mwanamke mmoja karibu na stendi, miezi minne iliyopita, ili madoa ya kidevuni yafifie. Hakikuwa na jina la mtengenezaji. Hakikuwa na tarehe. Hakikuwa hata na karatasi. Mwanamke yule aliapa, tena kwa watoto wake, kabla hajaulizwa. Na Njambi Mukonyo, anayekoroga mitungi ya mashemasi mpaka chini, alichukua kile kikopo akajipaka usoni asubuhi na jioni kama mtu aliyeokoka jana.

Si kwamba alikuwa mjinga. Pale ushirika kuna sheria kwamba mpimaji hapimi maziwa ya kwao. Ya boma la Mukonyo hupimwa na mwenzake. Kwa hivyo miaka kumi na moja hakuna mtu aliyewahi kumtazama Njambi machoni na kumuuliza umetia nini. Swali lilipokuja, alijibu kama anavyojibiwa kila siku.

"Hakuna kabisa?" Ruqayya alirudia. "Krimu ya kung'arisha, hata kidogo? Hizo zinafanya ngozi kuwa nyembamba. Nikipiga juu yake utaungua hata na mashine hii."

"Mama, nimesema hakuna."

"Haya. Weka sahihi."

Fomu ilikuwa na mahali pa jina, pa kazi, na mstari: *andika kila unachojipaka*. Njambi aliandika *hakuna*, kwa mwandiko mzuri. Akalala kitandani, akavishwa miwani myeusi ya kukinga macho. Hewa baridi ilianza kumpulizia taya. Mashine ikaanza kulia, tik, tik, tik.

"Napiga nukta tatu tu, hapa kwenye taya karibu na sikio, ndevu zilipofika," sauti ya Ruqayya ilisema. "Halafu unaenda nyumbani, wiki mbili. Ngozi yetu hukasirika polepole. Anayekwambia ataona kwa dakika tano anakuona mzungu."

"Ngoja," Njambi alisema kwenye giza la miwani. Bado alikuwa anashambulia, hata akiwa amelala chali. "Wewe umewahi kujifanyia?"

"Nimejifanyia."

"Nionyeshe. Na usinionyeshe palipopendeza."

Miwani ikainuliwa, na Ruqayya akapandisha dera mpaka chini ya goti. Muundi ulikuwa laini, ila katikati palikuwa na duara jeusi, kubwa kama sarafu ya shilingi kumi, lenye mng'ao wa kovu la zamani.

"Hii nilijichoma mwenyewe, mwaka wa kwanza nikijifunza. Nilikuwa nimetoka kwa jua, wiki nzima, harusi ya dada yangu Mombasa. Mwalimu aliniuliza, umekaa kwa jua? Nikasema hapana. Nilikuwa na haraka." Akashusha dera. "Ina miaka tisa. Lala."

Njambi alilala. Miwani ikarudi. Tik, tik, tik. Alikuwa ameona picha elfu moja za ngozi zilizopona, na hakuna iliyomgusa. Sasa ameonyeshwa moja iliyoharibika, na kwa mara ya kwanza tangu aanze safari hii alijua yuko mbele ya mtu anayesema kweli. Jambo hilo lilimtia hofu. Maana kama mama huyu si mwongo, basi chumbani humo mwongo ni mmoja, na ndiye aliyelala. Aliona vigae vya Magdalene. Alihisi hewa baridi ikiacha kupuliza na kifaa kikishuka kwenye taya.

"Zima hiyo kitu!"

"Sijaanza."

"Zima, mama. Kuna krimu."

Mashine ikanyamaza. Njambi aliketi, akavuta mkoba, akatoa kikopo, akakiweka juu ya fomu. Ruqayya akakigeuza juu, akakigeuza chini, akakifungua, akanusa.

"Haina jina."

"Haina."

"Imetoka wapi?"

"Kwa mama mmoja. Stendi."

"Miezi mingapi?"

"Minne."

Ruqayya alifunga kikopo. Alionekana kama mtu anayetaka kucheka lakini ana heshima ya kazi. "Na wewe, uliniambia unafanya kazi gani?"

"Usiniulize," Njambi alisema.

Akatumwa nyumbani bila hata nukta moja. Masharti yalikuwa haya: wiki sita bila krimu ile, uso upakwe dawa ya kukinga jua kila asubuhi, damu ikapimwe, na kibano kitupwe, maana ukizing'oa na mizizi leza haina cha kufuata huko chini. Kunyoa ruhusa, kung'oa marufuku. "Na kidevu kitakuwa kibaya kabla hakijakuwa kizuri," Ruqayya alimwambia mlangoni. "Krimu ikitoka, ngozi inalipiza."

Ililipiza. Wiki ya pili kidevu kiliwasha, kikatoa vipele, kisha kikawa cheusi kuliko kilivyokuwa kabla ya hayo yote. Vipimo vya damu vilionyesha homoni zilikuwa zimepanda juu kweli, akapewa vidonge. Na pale kibandani, habari ilienea, kwa sababu foleni ya maziwa haina kazi nyingine.

Mchekeshaji mkuu alikuwa mzee Ndegwa, mwalimu mkuu mstaafu mwenye ng'ombe wawili na kinywa cha ng'ombe ishirini. Mwezi huo alikuwa amerudishiwa maziwa mara tatu, na alikuwa akingoja siku yake kama mtu anayengoja kesi ya shamba.

"Madam," alisema asubuhi moja, kwa sauti ya kuhutubia gwaride, "na laktomita inasomaje ukiweka kwa kidevu?"

Foleni ikacheka mpaka mitungi ikagongana.

"Inasoma kwamba yako yana maji, mwalimu. Nani mwingine?"

Lakini jioni hiyo alikaa na kikopo kingine mbele yake, kipya, alichokinunua njiani akiwa amejiambia anaangalia tu. Alikaa nacho mpaka chai ikapoa. Mwishowe akakipeleka kwenye shimo la choo, akasimama kusikiliza kikifika.

Wiki sita zilipoisha, Ruqayya alimfuta kidevu, akasogeza taa, akamwuliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule. Njambi alijibu moja baada ya jingine, polepole. Kisha nukta tatu zikapigwa karibu na sikio. Zilikuwa kama raba iliyovutwa ikaachiliwa, na harufu ya nywele zilizoungua. Akarudi Mugutha kungoja wiki mbili.

Siku ya kumi na nne tatizo likawa jipya: ni nani wa kuangalia? Yeye mwenyewe hakujiamini. Asubuhi aliona weusi, mchana hakuuona. Simu haikufaa, maana kamera yake humng'arisha mtu bila kuombwa. Ciku angesema uko poa hata kama taya limeanguka. Mama yake alikuwa mbaya zaidi: mama huyo angemwona mzuri hata akiwa mkaa. Marafiki wote ni mashahidi wa kununuliwa. Njambi alihitaji macho ya mtu anayemtakia mabaya kwa moyo safi.

Asubuhi hiyo, foleni ilipokwisha na jua limetoka vizuri, alimwita.

"Mwalimu Ndegwa. Kuja hapa kwa mwangaza."

"Nimefanya nini tena?"

"Weka mtungi chini. Vaa miwani." Akageuza uso, akavuta sikio nyuma. "Walinipiga moto hapa, mahali patatu. Niangalie. Kuna alama?"

Mzee hakuamini bahati yake. Alitoa miwani, akaipangusa kwa shati, akainama. Alitazama kutoka kushoto, akazunguka akatazama kutoka kulia. Akamwambia asogee kidogo, kivuli. Akaweka kidole hewani, kama mtu anayesahihisha insha na kutafuta kosa. Dakika ikapita. Pumzi yake ilinuka tumbaku na matumaini.

"Walipiga wapi, umesema?"

"Hapo. Karibu na sikio."

Alitazama tena, kwa muda mrefu zaidi. Kisha akanyooka, mkono kiunoni, na uso wake ukajaa huzuni ambayo haikuwa ya kuigiza.

"Sioni kitu," alisema. "Ngozi tu. Na hizo ndevu hapo ni kama zimeisha."

"Una uhakika?"

"Njambi, ningekuwa naona, si ningekuwa nimesema kwa nguvu?"

Aliingia nyuma ya kibanda, akaegemea ukuta wa mabati. Halafu akapiga simu Thika.

"Mama Ruqayya. Ni mimi. Hakuna alama."

"Umeangalia vizuri?"

"Sijaangalia mimi. Nimeangaliwa na mtu."

"Mtu gani? Rafiki yako?"

"Hapana. Adui."

Upande ule zikasikika karanga zikitafunwa.

"Huyo ni mzuri," Ruqayya alisema. "Njoo Jumanne tuanze. Unyoe asubuhi."